Mwanamke Aliyewamalizia Watu Maneno

Odessa Tillery hakuona sababu ya kusubiri mtu amalize kusema. Ukifungua mdomo tu, yeye alikuwa ameshajua unakoelekea, na kwa kuwa alikuwa mtu wa huruma, alikutangulia. Ukisema, "Dada Odessa, naomba uniazime…", alikuwa ameshaingia jikoni na kurudi na sufuria kubwa. Kama shida yako ilikuwa ngazi, basi ulikwenda nyumbani na sufuria, maana kumrudisha nyuma kulihitaji pumzi ambayo watu wengi hawakuwa nayo.

Kwa miaka thelathini na moja alisimamia jiko la shule ya msingi ya Pruitt, mji mdogo wa kusini mwa Georgia, na kila siku ya masomo alilisha watoto mia nne kwa dakika arobaini. Hakuna aliyewahi kuvunja rekodi hiyo, na hakuna aliyeiomba. Mtoto akifika mbele ya meza na kushangaa kidogo kati ya kuku na samaki, Odessa alimwangalia usoni, akasema, "Kuku," na kuku akatua kwenye sahani. Watoto wa Pruitt walijifunza kuamua mambo wakiwa bado kwenye foleni. Wengine walipokuwa wakubwa walisema ndiyo elimu pekee ya shule ile iliyowasaidia maishani.

Mume wake, Bwana Tillery, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa maneno machache. Watu walikuwa wakibishana kama alizaliwa hivyo au alioa hivyo.

Sasa, Jumapili moja ya mwezi wa Mei, katika kanisa la Baptist la Mlima Pisga, ulifika wakati wa shuhuda. Odessa alikuwa amesimama mlangoni na glovu zake nyeupe, maana yeye ndiye alikuwa kiongozi wa wahudumu wa mlangoni. Akainuka Dada Clotilde Mims, mwanamke mpole ambaye kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kusimama mbele ya watu. Alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

"Namshukuru Mungu," akasema Dada Mims kwa sauti inayotetemeka. "Mume wangu… wiki hii… mume wangu ameo…"

"AMEOKOKA!" Odessa akapaza sauti kutoka mlangoni. "Haleluya! Bwana ni mwema! Mims ameokoka!"

Kanisa lililipuka. Kila mtu alimjua Mims, kwa hiyo kila mtu alijua huo ni muujiza wa daraja gani. Mpiga kinanda aliruka kutoka kwenye kiti. Matari yakatoka mikobani. Kina mama walikimbia kwenye ujia wakipunga leso, na mzee mmoja mwenye goti bovu alicheza akasahau goti lake mpaka kesho yake asubuhi. Zilipita dakika saba nzima kabla Dada Mims, akiwa amekumbatiwa na watu wanane, hajaweza kusogea karibu na sikio la mchungaji na kumaliza sentensi yake.

Mume wake alikuwa ameondoka. Ameondoka na gari, na televisheni, na mwanamke wa Ashby.

Baada ya ibada Odessa alikwenda kumwomba radhi, na Dada Mims, kwa wema wake, akamwambia asijali, kwa sababu kusema kweli yeye alikuwa amesimama kumshukuru Mungu kwa jambo hilohilo. Lakini Odessa hakupata raha. Alirudi nyumbani, akavua glovu, akapiga magoti kando ya kitanda mchana ule ule, akasema, "Bwana, nipe uvumilivu. Nakuomba unipe upesi."

Jioni akamweleza mdogo wake Vernell, aliyekuwa amekuja kula. Vernell akaweka uma mezani.

"Umeomba nini?"

"Uvumilivu. Ni tunda la Roho, wewe hulitaki?"

"Dada, mimi nina miaka hamsini na tano, nimeomba kila kitu chini ya jua isipokuwa hicho. Unadhani utaletewa kwenye bahasha? Ukiomba uvumilivu unaletewa mtu. Mtu wa kukuchosha mpaka uukute."

"Wacha maneno yako, kula sukuma wiki yako."

"Nakula," akasema Vernell. "Lakini huyo mtu yuko njiani."

Mtu mwenyewe alifika katikati ya Juni. Shule ilikuwa imefungwa, na Odessa alikuwa amekaa nyumbani akipanga upya makabati ambayo hayakuwa na kosa lolote. Mchungaji akatangaza kanisani kwamba Shemasi Lucius Broadnax, aliyepigwa na kiharusi wakati wa Pasaka, ameruhusiwa kurudi nyumbani. Akili yake ni nzima kabisa, mchungaji alisema, ila mguu na mkono wa kulia havijapata nguvu, na kusema kwake kumekatika. Binti yake Renita anafanya kazi kiwandani. Je, yuko mtu wa kukaa na shemasi siku za Jumanne na Ijumaa?

Odessa alihisi kiwiko cha Vernell kikiingia mbavuni mwake.

"Bahasha yako hiyo," Vernell akanong'ona.

Shemasi Broadnax alikuwa mtu wa miaka sabini na mbili, mrefu, mkavu, aliyekuwa na sauti nzito na saa ya mkononi aliyoitazama kuliko alivyotazama watu. Kwa miaka mingi ndiye aliyeongoza ratiba za harusi, mazishi na sikukuu zote za Mlima Pisga, na mgeni akipitisha muda wake jukwaani, shemasi alisimama tu, na mgeni akaketi. Yeye na Odessa walikuwa wakiheshimiana kama watu wawili wanaochukia kuchelewa. Sasa alikuwa kwenye kiti cha magurudumu barazani, na blanketi magotini katika joto la Juni, na kila neno lilimtoka kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu kwa kamba fupi.

Siku ya kwanza Odessa alipokwenda alikuwepo pia binti mmoja wa hospitali, mtaalamu wa kuwafundisha wagonjwa kusema tena. Alikuwa kijana, ana miwani, na hakumwogopa Odessa, jambo lililomshangaza Odessa.

"Bi Tillery, sheria ni moja tu," binti akasema. "Usimmalizie neno."

"Sawa."

"Hata kama unalijua."

"Nimesema sawa, mwanangu."

"Akikwama, hesabu moyoni mpaka ishirini. Akiwa bado anahangaika, hesabu tena. Neno analo. Linatafuta njia. Ukimtupia la kwako, la kwake linarudi chini, na siku nyingine halipandi."

Odessa akaitikia kwa kichwa, na siku hiyohiyo, binti alipoondoka, shemasi akamtazama na kusema, "Na… na… naomba ma…"

Moja, mbili, tatu, ishirini, Odessa akahesabu. "Maji!" akasema, akaenda kuleta. Shemasi akayatazama maji. "Ma… ma…" Akaleta maziwa. Akaleta maembe ya mkebe. Akaleta matandiko. Alipoleta matango, shemasi alifumba macho na kukata tamaa. Renita alipofika saa kumi alimkuta baba yake amezungukwa na vitu kama mtu anayefanya mnada, na kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kumvika miwani, ambayo baba yake huiita "macho", ndiyo aliyoitaka tangu asubuhi asome gazeti.

Kwa wiki tatu mambo yalikwenda hivyo. Odessa alipika vizuri, alisafisha, alimgeuza, alimsomea, na kila neno lake alilinyakua hewani kabla halijatua. Kisha shemasi akaanza kusema jambo jipya. Alilisema Jumanne, akalisema Ijumaa, akalisema Jumanne tena, akiinua mkono wake mzima wa kushoto na kuonyesha juu, kupita ukingo wa baraza, upande wa kaskazini.

"E… e… ze…"

"Eleza? Nikueleze nini, Shemasi?"

Akatikisa kichwa. Mkono ukapanda tena. "E… ze…"

Odessa akautazama mkono, akatazama juu. Akaona dari ya baraza. Juu ya dari ni paa. Uso wake ukang'aa.

"Kuezeka! Paa linavuja!"

Shemasi akafungua macho kwa nguvu na kutikisa kichwa mpaka blanketi likaanguka. Odessa akamwokotea blanketi. "Usijisumbue, Shemasi, usiwe na wasiwasi, hukuomba bure. Na mvua za dhoruba zinakuja. Niachie mimi."

Wakati huo wanaume wa Mlima Pisga walikuwa wakitafuta namna ya kumsaidia ndugu yao, na hakuna kitu wanaume hupenda kama msaada unaotumia nyundo. Jumamosi iliyofuata walifika kumi na wanne na pikapu tano. Renita alikuwa na zamu ya ziada kiwandani. Walipanda, wakabandua vigae upande mzima wa mbele, wakabandika vipya, huku Odessa akiwa uani na mikono kiunoni akielekeza kila mtu mahali ambapo tayari alikuwa anakwenda. Kambare walikaangwa. Chai baridi yenye sukari ilinywewa kwa ndoo. Na shemasi alikaa chini ya mti wa pekani kwenye kiti chake, akiinua mkono wa kushoto kila baada ya muda na kuita, "E… ze…", na wanaume wakimjibu kutoka juu kwa furaha, "Tunaezeka, Shemasi! Tunaezeka!"

Renita aliporudi saa tisa alisimama kando ya gari lake bila kufunga mlango.

"Bi Odessa. Paa limefanyaje?"

"Baba yako aliomba liezekwe."

"Baba aliomba?"

"Wiki mbili mfululizo."

"Lakini paa tuliliezeka mwaka jana."

 Mtu mmoja juu ya paa akaweka nyundo chini polepole. Wote wakamgeukia shemasi, na Odessa, ambaye hakuwahi kuogopa macho ya mtu, akaogopa kumtazama. Mabega ya shemasi yalikuwa yanatetemeka. Machozi yalikuwa yanamshuka. Odessa alimsogelea, akainama, ndipo akaona kwamba mzee alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka bila sauti, amejishika ubavu kwa mkono wa kushoto, na kila akitazama wanaume kumi na wanne wameganda juu ya paa lake zima, anaanza upya.

Vernell alicheka siku nne. "Ungemwacha aseme neno moja zaidi, angepata na kisima."

Lakini Odessa hakucheka. Kicheko cha shemasi kilimwumiza kuliko kama angekasirika. Usiku ule aliposali alianza kama kawaida yake, kwa kasi, akiruka kutoka jina la mgonjwa huyu hadi la mwingine, kisha maneno yakamwishia. Alikaa kando ya kitanda akitafuta namna ya kusema jambo alilokuwa nalo moyoni, halikutoka, akaanza, akaacha, akaanza tena. Na katikati ya kuhangaika huko ndipo alipotambua kwamba hakuna aliyemkatiza. Mungu anajua ninachotaka kusema tangu kabla sijapiga magoti, akawaza, na bado amenikalia kimya miaka hamsini na minane, ananiacha niseme mpaka mwisho, hata yale ya kipuuzi. Hajawahi hata mara moja kuniambia, Odessa, fupisha. Basi akasema tu, "Bwana, mimi ni mtu mgumu kusubiriwa," akalala.

Jumanne alivuta kiti chenye mikono, akakiweka mbele ya kile cha shemasi, akaketi. Alikuwa amechukua kopo la maharage mabichi ya kuchambua ili mikono iwe na kazi, na mdomoni alikuwa ameweka pipi ngumu ya mnanaa, kwa sababu alijijua.

"Shemasi," akasema, "nimekuja kukusikiliza. Nikifungua mdomo kabla hujamaliza, nitupie hiki kiatu." Akaweka ndala yake moja mapajani kwa mzee.

Shemasi akaitazama ndala, akaipima uzito. Kisha akavuta pumzi.

"E… ze…"

Odessa akahesabu ishirini. Akahesabu ishirini nyingine. Nzi mmoja alitua kwenye goti lake, akanawa mikono, akanawa uso, akaruka. Maneno yalimjaa Odessa kooni kama watu wanaosukumana mlangoni: ezua, Ezra, ezeka, Mungu wangu, si ezeka tena. Akauma pipi ikavunjika. Ishirini ya tano. Midomo ya shemasi ilikuwa inatafuta, ulimi unapanda juu ya meno, unashuka, unapanda.

"E… ze… ll," akasema shemasi. "E-zell."

"Ezell," akarudia Odessa kwa upole. Alikuwa hamjui Ezell yeyote. Kama angekisia miaka kumi asingempata.

Shemasi aliegemea nyuma, jasho linamtoka, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeshusha gunia. Kisha, kwa sababu za kwake mwenyewe, akamrushia ile ndala.

"Sijasema kitu!"

"Ya… ya… pa-a," akasema shemasi, na mabega yakaanza kutetemeka.

Renita ndiye aliyemweleza. Ezell Broadnax ni ndugu yake baba, mdogo wake wa miaka miwili, anaishi Ashby, maili arobaini kaskazini. Hawajasemezana miaka kumi na tisa, tangu mazishi ya bibi. Siku ile baba ndiye aliyeongoza ratiba. Ezell alisimama kusema habari za mama yao, hata sentensi mbili hakumaliza, baba akatazama saa, akawapa kwaya ishara waimbe. Ezell akachukua kofia yake, akatoka kwa mlango wa pembeni. Mpaka leo.

"Kwa ajili ya saa tu?" Odessa akauliza.

"Ndivyo tulivyoambiwa sisi," akasema Renita.

Ilichukua Ijumaa nzima na Jumanne nzima shemasi kumaliza kusema anataka nini: apelekwe kwa Ezell. Odessa hakupoteza hata neno moja. Ijumaa iliyofuata, saa mbili asubuhi, alikuwa amemfunga mkanda kwenye gari lake, kiti cha magurudumu kiko nyuma, na bakuli la pai ya viazi vitamu liko miguuni. Hakupiga honi mpaka walipotoka mjini, na hata hapo alipiga kwa trekta tu.

Walimkuta Ezell barazani kwake na beseni la kunde, anamenya. Alifanana kabisa na shemasi, ila mfupi na mwenye kitambi, na kofia ya majani. Aliwatazama wakishuka. Alitazama kiti cha magurudumu kikifunguliwa, mguu ulioburutwa, mkono uliolala. Kitu kilipita usoni mwake kikafichwa upesi.

"Huyo ni Lucius?"

"Ndiye," akasema Odessa.

"Amekuja na saa yake? Maana mimi leo sina muda mwingi. Ana dakika mbili."

 Shemasi alisogezwa mpaka chini ya ngazi za baraza, akainua uso. "E-zell," akasema. Hilo lilitoka vizuri, alikuwa amelifanyia mazoezi. "Ni… ni… na…"

"Nini? Nisamehe? Sawa, nimekusamehe, nilisamehe zamani, mchungaji wangu alinilazimisha."

"Na… na-ta… u-ma…"

"Unaumwa, naona unaumwa. Pole. Ningekuja hospitali lakini hakuna aliyeniita. Unataka uma…"

"Mzee!" Odessa alikuwa ameruka ngazi tatu bila kujua, na ameelekeza kidole kwenye pua ya mtu ambaye hakuwahi kuonana naye. "Wewe mzee, nyamaza! Mwenzio anaongea! Unamwingiliaje mtu mdomoni namna hiyo? Ulifundishwa na nani? Neno analo, linatafuta njia, sasa wewe ukimrushia la kwako atalipata wapi la kwake? Hesabu ishirini!"

Ezell akabaki na ganda la kunde mkononi. "Huyu mama ni nani?"

"Hesabu!"

Na Ezell Broadnax, mtu mzima wa miaka sabini, akaonekana midomo yake ikichezacheza: moja, mbili, tatu.

Nyuma ya nyumba ilipita treni ya mizigo, ndefu, na Odessa akahesabu mabehewa badala ya ishirini, maana ishirini zilikuwa hazitoshi. Alihesabu tisini na moja. Treni ilipomaliza kupita, shemasi alikuwa bado ameinua uso, na shingo inamtetemeka.

"Na-ta-ka," akasema, "u-ma-li-ze. Ku-hu-su… Ma-ma."

Ezell akaweka beseni chini. Alivua kofia akaitazama ndani. Odessa alidhani sasa ataanza, lakini hakuanza. Alifungua mdomo akafunga. Miaka kumi na tisa alikuwa amebeba maneno yale kama mtu anayebeba kitu mfukoni, na sasa alipoambiwa ayatoe, hayakuwa mahali alipoyaweka. Ikabidi Odessa amsubiri na huyu. Wagonjwa wamekuwa wawili, akawaza, na akatafuta pipi nyingine kwenye mkoba.

"Siku ile," Ezell akasema mwishowe, "kila mtu alimsema Mama kama malaika. Mimi nilitaka kusema habari ya kioo."

Shemasi akafumba macho.

"Mimi na Lucius tulikuwa watoto, mimi nane, yeye kumi. Tulikuwa tunarusha mawe kwa manati nyuma ya kanisa, tunalenga njiwa. Jiwe langu likapiga kioo kikubwa cha rangi, kile kilicholetwa kutoka Atlanta. Kikashuka chote. Mchungaji akaja na fimbo. Mama akatoka ukumbini na ufagio wake, akasema, 'Ni mimi, Mchungaji, nilikuwa namfukuza ndege.' Ndani ya kanisa! Mke wa shemasi, maana Baba naye alikuwa shemasi, na mwalimu wa shule ya Jumapili, akadanganya na uso mkavu, na akasafisha kanisa bure mwaka mzima kulipia kioo. Hakunichapa. Ila tangu siku ile kila tulipopita pale, alinifinya sikio. Miaka yote. Hata nilipooa, tukitoka kanisani na suti ya harusi, akanifinya." Alicheka, sauti ikakatika katikati. "Nilitaka watu wajue mama yangu alitenda dhambi moja, na aliitenda kwa ajili yangu. Ndiyo basi. Nilisema tu, 'Nataka niwaambie habari ya kioo cha kanisa,' na wewe ukaita kwaya."

Shemasi Broadnax alikuwa analia waziwazi. Akainua mkono wake mzima, akajigusa kifua.

"Mi…" akasema. "Mi…"

Odessa alijua. Alijua tangu ile *mi* ya kwanza, alijua kama anavyojua jina lake, na neno lilimfika mpaka kwenye meno ya mbele. Alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Mi-mi," akasema shemasi. "Ji-we. La-ngu."

 Ezell alisimama polepole.

"Jiwe lako?"

Shemasi akaitikia kwa kichwa.

"Kioo ulivunja wewe?"

Akaitikia.

"Na ulijua? Mazishini ukadhani ninakwenda kukutaja?"

Akaitikia tena, na akafumba macho kama mtu anayengoja fimbo ya mchungaji miaka sitini na mbili baadaye.

Ezell akashika sikio lake la kushoto. Akashika na la kulia. "Masikio yangu!" akapiga kelele. "Lucius! Miaka arobaini na mitatu nafinywa! Nimefinywa mbele ya mke wangu! Nimefinywa mbele ya wajukuu!" Akashuka ngazi moja moja, akisema, masikio yangu, masikio yangu, mpaka akafika mbele ya kiti cha magurudumu, na pale, kwa utaratibu mzuri, akashika sikio la kaka yake mkubwa akalifinya kwa nguvu zake zote. Kisha akamwangukia kifuani, na wazee wawili wakashikana wakacheka na kulia mpaka Odessa akaenda nyuma ya nyumba kuangalia bustani ya mtu, kwa sababu hata yeye alijua kwamba kuna mahali ambapo hatakiwi.

Walikula kunde, mkate wa mahindi na ile pai. Waliondoka saa tisa, kila mmoja amechoka kwa raha. Barabarani Odessa alijisikia mwepesi. Alimwambia Bwana kimoyomoyo kwamba sasa nadhani nimeliona lile tunda, ahsante, hata kama umelileta kwa njia ndefu. Shemasi alikuwa ametulia, anatazama mashamba ya karanga yakipita. Kisha akasema, "Si… si…"

Odessa akatabasamu. Hakugeuka, hakukisia. Akahesabu ishirini kwa utulivu mkubwa.

"Si… ma…"

"Chukua muda wako, Shemasi," akasema. "Tuna barabara nzima."

Alihesabu ishirini mara tisa. Walipita kituo cha mafuta. Walipita kanisa, na kituo kingine cha mafuta. Shemasi alikuwa amekunja mguu mzima juu ya ule mbovu, na uso umekuwa wa rangi ya majivu, na midomo inahangaika, na Odessa kando yake anangojea kwa upendo, akijiona kama mtakatifu kwenye usukani.

"Ha…" akasema shemasi, ameliacha kabisa lile neno la kwanza. "Ha… ra… HARAKA! Choo!"

Gari la Odessa Tillery liliruka kutoka maili arobaini mpaka sabini na tano kabla mwangwi haujaisha. Alilipita lori la mbao. Alipiga honi kwa pikapu mbili na mchungaji mmoja wa Methodisti. Aliingia kwenye uwanja wa duka la mwisho kabla ya Pruitt kwa magurudumu mawili, kiti kikashuka, mlango ukasukumwa, foleni ikatawanywa, na wakafika, zikiwa zimebaki sekunde chache tu, lakini wakafika. Alipokuwa anamsubiri nje ya mlango, alisikia ndani mzee akicheka peke yake.

Ezell alikuja Pruitt Alhamisi iliyofuata, na kila Alhamisi baada ya hapo, na beseni la kitu cha kumenya. Maneno ya shemasi yalirudi kama nusu, na nusu hiyo ilimtosha. Shule ilipofunguliwa Agosti, Odessa alirudi jikoni kwake, na zile dakika arobaini zikawa arobaini na sita. Mkuu wa shule alimwita kumwuliza kuna tatizo gani, na Odessa akasema hakuna tatizo, ila kuna watoto wengi pale ambao kumbe walikuwa hawapendi kuku.